Kobalti Kwenye Mkono wa Kulia

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na nne ya mwezi wa tatu, saa nne na dakika kumi asubuhi.

Saa hiyo Msumari alikuwa juu ya ngazi ya chuma, glovu nene mikononi, akimimina naitrojeni, gesi iliyopozwa mpaka ikawa maji, kwenye pipa la kupozea sumaku kubwa. Mvuke mweupe ulimshuka mpaka magotini. Simu ikatetemeka kwenye mfuko wa kifuani. Nokia ya vitufe, isiyo na kamera wala mchezo.

Akavua glovu moja.

"Msumari."

"Nasikiliza, Nyundo."

"Dirisha liko wazi. Lifunge."

"Dirisha lipi?"

"La nyumbani kwako, bwana. La shemeji yako."

Simu ikakatwa.

Dirisha kuwa wazi maana yake siri imetoka nje. Kulifunga maana yake ni kumtia mbaroni aliyeitoa. Nyundo ndiye mkuu wa idara, mtu wa suti na kiyoyozi, ambaye hajawahi kumfukuza mtu hata hatua kumi kwa miguu yake mwenyewe. Aliyewagawia majina hayo mawili alijua anachofanya. Kwa miaka ishirini na miwili, kilichogongwa kilikuwa kichwa kimoja tu.

Msumari alifunga bomba, akashuka.

Pale kazini hakuna aliyemjua kwa jina hilo. Walimwita Mzee Baridi, mjaza gesi. Shule aliiacha mlangoni, lakini idara ilimpandikiza kwenye maabara hiyo ya nyutroni miezi kumi na minne iliyopita kwa sababu moja: mtafiti mkuu alikuwa mdogo wake marehemu mkewe. Mtu akimwona shemeji anambebea shemeji mtungi wa gesi, nani atauliza?

Kazi yake ilikuwa kulinda chembe.

Chembe zenyewe hazionekani. Ni chuma na kobalti, ndogo kiasi kwamba maelfu yakipangwa mstari hayafikii unene wa unywele. Kila moja ni sumaku. Ukizipeleka kwenye uvimbe mwilini na kuzichezesha kwa sumaku ya nje, zinapata joto, na uvimbe unaungua bila kisu. Hilo ndilo shemeji alilokuwa akilitafuta usiku na mchana. Bahati mbaya, chembe hizohizo zikichanganywa kwenye rangi na kupakwa ubawa wa ndege ya kivita, rada inageuka kipofu. Hilo ndilo walilokuwa wakilitafuta wenye makoti ya kijivu kutoka ng'ambo.

Siku moja shemeji alimweleza anavyozisoma. Kinu cha nyuklia kinatoa mwali wa nyutroni. Nyutroni ni kachembe kenye usumaku wake, kwa hiyo kakigonga sumaku nyingine kanapinda njia. Kigunduzi kinahesabu zilizopinda huku na zilizopinda kule. Ghorofa ya tatu kuna mtu anatengeneza chembe za uongo ndani ya kompyuta, anazipiga nyutroni za uongo, kisha mistari miwili inalinganishwa, wa kweli na wa kuigiza.

"Kwa hiyo mnachora sura mpaka ifanane na mtu," Msumari alisema.

"Ndiyo, shemeji. Ila huyo mtu hatujawahi kumwona."

Mkewe angefurahia maneno hayo. Mkewe alikufa miaka mitatu nyuma, wodi ya ghorofa ya chini, uvimbe kwenye ini, akisubiri mashine iliyokuwa imelala miezi tisa kwa kukosa kipuri. Kipuri kilikosa saini. Mkubwa wa kuisaini alikuwa ng'ambo, anatibiwa goti.

Goti likapona.

Shemeji alikuwa amesimama kwenye meza ya ukumbi wa mwali, mikono imening'inia kama ya mtu aliyetoka kuoga akakosa taulo.

"Haipo," alisema.

"Nini?"

"Sampuli ya kumi na tisa. Nimefungua ghala niirudishe kwenye mwali, tundu tupu. Mlango unasema nimefungua mimi mwenyewe, saa tatu kasoro dakika kumi."

"Saa hiyo ulikuwa wapi?"

"Ndani ya pango la zege, kwenye mwali, nasawazisha meza ya sampuli. Peke yangu. Nani atanishuhudia, bomba?"

"Namba yako ya mlango anaijua nani?"

Akaanza kuhesabu watu kwa vidole. Msumari aliwahi kuhoji waongo wengi. Mwongo huwa na jibu tayari.

"Yule wa ghorofa ya tatu. Mtu wa modeli. Nilimpa namba ya kompyuta ili kazi isisimame nikiwa huku chini. Na ya mlango ni hiyohiyo."

"Hiyohiyo?"

"Vichwa vimejaa, shemeji. Ukumbi mzima tunafanya hivyo. Ni kama familia yenye mswaki mmoja."

Msumari alimtazama. Pua ilikuwa ya marehemu kabisa.

"Wamesema nikukamate."

"Wewe?"

"Mimi."

"Basi nikamate, wasije wengine."

Wengine wangempeleka Karakana. Hilo ni jina la nyumba fulani yenye vyumba chini ya ardhi. Msumari aliwahi kupeleka watu sita kule. Wawili ndio waliotoka kwa miguu yao.

Alibonyeza Nokia.

"Nyundo. Dirisha limekwama. Naomba muda."

Kijiko kilisikika kikikoroga kikombe upande wa pili.

"Saa nane kamili. Baada ya hapo natuma mafundi."

Alikuwa na muda usiofika saa nne wa kumtafuta mwizi. Vinginevyo, shemeji.

Kilichomsaidia Msumari ni jambo ambalo kila fagio la ukumbi wa chini lilikuwa linalijua. Sampuli ya kumi na tisa ilikuwa imekaa kwenye mwali siku kumi na moja mfululizo. Kobalti ikipigwa nyutroni inazinywa, na ikishazinywa inatoa mionzi, si siku mbili tatu, ni miaka. Ndiyo maana ghala lilijengwa kwa matofali ya madini ya risasi. Ndiyo maana kichupa chenye majimaji ya sampuli kinashikwa kwa koleo, na kila tundu lina kadi ya njano. Wa chini wanalijua hilo kama mpishi anavyojua sufuria iliyotoka jikoni.

Wa juu hawalijui.

Kwenye kompyuta nyutroni huingia upande huu, hutokea upande ule, na chembe hubaki kama ilivyozaliwa. Hakuna aliyeandika mstari wa programu wa kuzibakiza ndani.

Msumari alichukua kipima mionzi, cha njano, ukubwa wa tofali, akakitia kwenye mfuko wa chakula na kuchomeka waya wa sikioni.

Kwanza mikono ya shemeji, viganja, kucha.

Kimya.

"Nilivaa glovu siku zote," alisema kwa uaminifu wake wa kijinga.

"Hilo usimwambie mtu mwingine."

Tundu la ghala likalia. Tik-tik-tik-tik. Pembeni ya tundu kulikuwa na alama ya unyevu, duara dogo la rangi ya chai. Kifuniko cha kichupa bila shaka kimelegea. Kinavuja.

Aliyekichukua alikuwa anaacha nyayo.

Kitasa cha ghala: tik-tik. Ukuta wa korido, kimya. Chuma cha kushikia ngazi: tik. Ghorofa ya kwanza. Ya pili. Ya tatu, mlango wa kushoto, kiti cha tatu.

Kipanya cha kompyuta kilipiga kelele kama kuku aliyekanyagwa.

Kwenye skrini modeli ilikuwa bado inazunguka peke yake. Mstari mwekundu, laini, bila tone la vumbi, kama nywele zilizopakwa mafuta. Wa chini, wa kweli, huwa na madoa madoa. Mwenye kiti hayupo.

Mama wa usafi alikuwa anapiga deki chini ya dirisha.

"Mama, mwenye kiti hiki yuko wapi?"

"Kaenda kung'oa jino."

"Jino gani?"

"Mimi nimemfungua mdomo? Ila mtu wa kung'oa jino haburuzi sanduku la magurudumu. Na picha ya mama yake iliyokuwa hapo mezani kaondoka nayo. Wewe ukienda kung'olewa unakwenda na mama yako?"

"Alisema anapita wapi?"

"Aliniuliza treni ya mpakani inaondoka saa ngapi. Nikamwambia saa saba na nusu, kama dereva kaamka vizuri."

"Hii meza usiiguse, mama. Nenda kanawe kwa sabuni, mara mbili."

"Mwaka wa tisa nasafisha choo chenu, leo ndiyo nafundishwa kunawa."

"Mara mbili, mama yangu. Nakuomba."

Kitu kwenye sauti yake kilimfanya aweke kitambaa cha deki chini.

Gari la mitungi lilikuwa Toyota Hiace nyeupe, milango ya nyuma imefungwa kwa kamba. Msumari alipakia vitu vinne. Kopo la madini ya risasi, zito kama jiwe la kusagia. Koleo refu. Chupa ya chai ya chuma cha pua, lita moja, iliyojaa naitrojeni badala ya chai. Na Browning yake yenye risasi tatu. Aliomba kumi na tatu mwezi wa nane. Kumi bado zilikuwa kwenye meza ya mtu, zikisubiri saini.

Mji ulikuwa umejikunja kwenye foleni. Lori la saruji liliharibika kwenye mzunguko, polisi wa barabarani anaongea na simu.

Saa sita na robo Nokia ikalia.

"Mafundi wamepita kwa shemeji yako," Nyundo alisema.

"Ulisema saa nane."

"Ratiba imebadilika."

"Mwizi nimemjua. Yuko kituo cha treni. Waambie wasimguse shemeji."

"Lete mwizi, tutazungumza."

"Mkuu, mikono yake ni safi. Nimeipima."

Simu ikakatwa.

Msumari alipandisha gurudumu moja kwenye njia ya waenda kwa miguu, kisha la pili. Muuza viatu aliokota viatu vyake kimoja kimoja bila haraka.

"Baba, una mtoto anazaliwa?"

"Nina shemeji anakufa."

Muuza viatu akasogeza meza yake.

Kituo. Saa saba na dakika tano.

Ukumbi wa kusubiria ulikuwa na madawati marefu ya mbao, vigae vilivyovunjika, saa ya ukutani iliyosimama na nyingine inayotembea. Watu mia mbili, mizigo mia tatu. Msumari alipita kati yao taratibu, mfuko wa chakula begani, kofia imeshushwa. Mjaza gesi anasafiri.

Dawati la kwanza. Kimya.

La pili. Kimya.

La tano. Tik.

La sita. Tik-tik-tik.

Huyo hapo. Miaka thelathini na kitu, miwani, sanduku la magurudumu katikati ya magoti. Alikuwa ameshika picha ya mama yake ndani ya plastiki, hajui aiweke wapi. Kushoto kwake alikaa mtu mpana aliyevaa koti la kijivu, mkoba wa Samsonite mapajani.

Msumari alikaa kulia kwa mwizi, akashusha chupa ya chai sakafuni.

"Kijana wa modeli, jino limetoka?"

Miwani iligeuka. Ilimchukua muda kumtambua bila glovu.

"Mzee Baridi? Unakwenda wapi?"

"Nakuja kwako. Kichupa umekiweka mfuko gani?"

"Kichupa gani?"

"Cha kifuani, nadhani. Juu ya moyo. Tangu saa tatu asubuhi."

Koti la kijivu halikugeuka, lakini mkono wake wa kulia, wenye glovu ya ngozi, uliingia ndani ya koti.

"Kile kimekaa kwenye mwali siku kumi na moja," Msumari aliendelea, sauti ya mtu anayeongelea mvua. "Kimejaa mionzi, na kinavuja. Angalia shati lako."

Mtu wa modeli aliangalia. Chini ya mfuko kulikuwa na doa la rangi ya chai.

"Nyutroni haibaki," alisema. "Inatawanyika, inatoka. Nimeiandika mwenyewe ile programu."

"Kwenye kompyuta yako inatoka."

Msumari alichomoa waya wa sikioni.

Kipima kikalia ukumbi mzima. Mlio mmoja mrefu, bila nafasi katikati. Mwanamke wa dawati la nyuma alimvuta mtoto wake. Mwingine akasimama. Halafu wote, kwa pamoja, kama maji yaliyotobolewa ndoo, walianza kukimbilia milangoni.

Mtu wa modeli aliingiza vidole mfukoni, akatoa kichupa, akasimama na kukishika mbali na mwili wake. Vidole vilikuwa vinang'aa kwa unyevu.

"Niliambiwa hakina kitu," alisema.

Koti la kijivu lilisimama. Glock mkononi.

"Kiweke kwenye mkoba," lilisema, Kiswahili cha kujifunza kwa kanda. "Weka. Sasa."

Msumari aliipiga teke chupa ya chai ikaruka, akaidaka, akaifungua na kumwaga, yote kwa pumzi moja.

Lita nzima ya naitrojeni ilimwangukia yule mtu kwenye kiganja na bastola.

Glovu ya ngozi ikakakamaa. Chuma kikawa cheupe. Kidole kilichokuwa kwenye kifyatulio kilijikunja chenyewe, na bastola ikalia mara moja.

Mara moja ilitosha.

Mtu wa modeli alikaa chini polepole, mgongo kwenye dawati, kama aliyechoka kusimama.

Koti la kijivu lilijaribu kubadili mkono. Bastola haikubanduka. Msumari alimpiga kwa kopo la madini ya risasi chini ya sikio, kilo kumi na mbili, na yule mtu akalala juu ya Samsonite yake. Browning haikuhitajika. Risasi tatu za serikali zilibaki tatu.

Akapiga goti kwenye vigae.

Tundu lilikuwa chini ya shingo, na damu ilikuwa na haraka. Hakuna bandeji ya kulifunga. Msumari aliliziba kwa kiganja hivyohivyo.

"Nani alikwambia hakina kitu?"

Midomo ilicheza. Macho yalikuwa yanatafuta kitu hewani, pengine skrini.

"Mstari," kijana alisema. "Mstari wangu umekaa juu ya wa chini?"

"Sijui, mwanangu. Mimi najaza gesi."

"Kama umekaa..."

Hakumaliza.

Msumari alikaa hapo kidogo zaidi ya ilivyolazimu. Kisha akachukua koleo, akakiinua kichupa, akakitia kwenye kopo na kukaza kifuniko. Shingoni mwa marehemu kulikuwa na kamba yenye flashi ya data, vipimo vyote, miezi kumi na minne. Akaichukua pia. Aliosha mikono kwenye bomba la kituo kwa sabuni ya unga, mara mbili, akaipima.

Kimya.

Treni ya mpakani iliondoka saa nane kasoro robo, imechelewa, bila abiria wawili.

Nyundo alifika na Mercedes nyeusi, magari mawili nyuma yake na mpiga picha wa idara. Watu wa aina hiyo hufika damu ikishakauka. Alishuka, akarekebisha tai, akatazama koti la kijivu likipakiwa na mwili ukifunikwa.

"Kazi safi, Msumari. Dirisha limefungwa."

"Shemeji yuko wapi?"

"Ndani ya gari. Mzima."

Mzima. Shemeji alikuwa kiti cha nyuma, kichwa kimeegemea kioo. Mkono wa kushoto ulikuwa umefungwa kitambaa, na kitambaa kilikuwa kimeloa sehemu tatu, ambapo kucha hukaa.

Walikuwa naye dakika tisini tu.

"Walimuuliza nini?" Msumari alisema.

"Utaratibu. Makosa hutokea. Atapewa barua." Nyundo alishusha sauti, akawa rafiki. "Kinu kinafungwa kwa uchunguzi. Kopo na flashi ni vielelezo, vinakwenda stoo ya idara."

"Ile ni dawa, mkuu."

"Ni kielelezo."

"Mpaka lini?"

"Mpaka itakapoamuliwa."

Ndivyo wanavyosema wote. Hakuna anayeamua, huamuliwa, kama mvua inavyonyesha. Wodi ya ghorofa ya chini waliambiwa hivyohivyo.

Kopo lilikuwa limekwishapakiwa kwenye gari la mwisho, hatua arobaini kutoka pale. Msumari alikabidhi flashi. Kipima kilikuwa bado begani, waya umerudi sikioni, kimya tangu kopo lilipofungwa.

"Wewe ni mtu wa kutegemewa," Nyundo alisema, na kunyoosha mkono wa kulia.

Tik.

Msumari hakuupokea. Aliutazama. Mkono laini, saa ya Rolex, kucha zilizokatwa vizuri. Tangu ashuke garini haukuwa umegusa kopo wala maiti.

Alirudi hatua moja nyuma. Kimya.

Akasogea. Tik-tik.

"Vipi?" Nyundo aliuliza. "Unaogopa mkono?"

"Wangu mchafu, mkuu. Nimeshika damu."

Nyundo alicheka kidogo, akaurudisha mkono mfukoni.

Msumari alifungua mlango wa Mercedes. Hakuomba ruhusa, na mlinzi aliyekuwa karibu aliamua kuangalia angani. Shemeji alishuka akiwa ameshika kitambaa.

"Mionzi ilikuwa wapi?" aliuliza. Hata hapo, hilo ndilo lililokuwa kichwani mwake.

"Kwa wa juu."

"Masikini. Hakuwahi kushuka ukumbini hata siku moja. Nilimwalika mara ngapi." Alitembea kidogo. "Sampuli wameichukua?"

"Wameichukua."

"Kutengeneza nyingine ni mwaka mzima. Na kinu?"

"Wamekifunga."

Msumari alimpa bega, kofia akaishusha, na wakavuka barabara taratibu kama watu waliotoka kumsindikiza mgeni. Nyuma yao mpiga picha alikuwa anampanga Nyundo mbele ya bendera ya kituo.

Jioni hiyo aliandika ripoti, kurasa mbili kwa mkono, herufi kubwa za mtu aliyeiacha shule mlangoni. Alieleza namba ya mlango, kiti cha tatu, treni, chupa ya chai. Alieleza kwamba kichupa kilishikwa na mtu mmoja tu kati ya ghala na kituo, kwa mujibu wa taarifa rasmi ya idara. Akaweka usomaji wa kipima kwa kila mkono alioupima siku ile: wa shemeji, wa marehemu, wake mwenyewe, na wa nne.

Faili limekwishapita meza tano. Kila meza imegonga muhuri wake, IMEONEKANA, na kulisogeza mbele. Kinu bado kimefungwa. Wodi ya ghorofa ya chini bado imejaa. Na mstari wa mwisho wa ukurasa wa pili bado uko palepale, hauna jibu chini yake:

Mkono wa kulia wa mkuu wa idara ulipata wapi kobalti?